Kupanda Alps kwa dakika 20: gari la kebo linakufikisha wapi hasa?

Kila msimu wa likizo picha ni zile zile. Mwenzetu aliyeko Ulaya kavaa koti zito, nyuma yake theluji tupu hadi macho yanapokomea, na chini ya picha kaandika: "Nimepanda Mont Blanc." Maoni nayo yamezoeleka. Mmoja anapongeza. Mwingine anauliza mbona viatu ni vya kutembelea mjini. Wa tatu, mara nyingi mtu wa Moshi, anataka kujua inakuwaje mlima wa theluji upandwe asubuhi na kushukwa kabla ya chakula cha mchana, wakati Kilimanjaro inakula karibu wiki nzima.

Huyo wa tatu kauliza la maana. Kulijibu kunataka tutenganishe mambo matatu ambayo kwenye picha moja huonekana kama jambo moja: kilele chenyewe, chombo kinachokupeleka, na mwili unaopelekwa.

Tuanze na kilele. Picha nyingi za aina hiyo hupigwa Aiguille du Midi, juu ya mji mdogo wa Chamonix, kwenye safu ya milima ya Alps, kusini mashariki mwa Ufaransa. Kutoka Geneva ni mwendo wa saa moja na ushee kwa gari, ndiyo maana wengi wanaokuja Geneva kwa mikutano huiba siku moja wakaenda huko. Viza ya Schengen iliyotolewa na Uswisi inakuvusha mpaka wa Ufaransa, ila pasipoti usiiache hotelini.

Aiguille du Midi si Mont Blanc. Ni jirani yake, jabali lililochongoka lenye mita 3,842. Mont Blanc ina zaidi ya mita 4,800, na kimo chake hakitulii kwa sababu kofia yake ya juu ni barafu na theluji: kipimo cha mwaka 2021 kilitoa mita 4,807.81, cha 2023 kikatoa 4,805.59. Kati ya baraza unayosimama wewe na kilele kile cheupe kilicho mbele yako kuna karibu mita 1,000 za kwenda juu, na hakuna gari la kebo linalozipanda. Anayetaka kufika huko hufunga kamba kiunoni, huvaa viatu vyenye meno ya chuma na kwenda kwa miguu, kama walivyokwenda Jacques Balmat na Michel-Gabriel Paccard, watu wa kwanza kukifikia kilele hicho, tarehe 8 Agosti 1786. Kwa hiyo mwenzetu wa kwenye picha ameiona Mont Blanc kwa karibu sana. Hajaipanda.

Ila kilele alichosimama ni kilele kweli, na hapo asinyang'anywe haki yake.

Ndoo mbili, kamba moja

Gari la kebo ni chumba kinachoning'inia hewani juu ya nyaya za chuma zilizotandazwa kutoka kituo cha chini hadi cha juu. Halina injini ndani yake. Injini iko kituoni, inavuta waya, na waya unavuta chumba.

La Aiguille du Midi ni la mtindo wa kale wa vyumba viwili. Fikiria kisima chenye kapi na ndoo mbili zilizofungwa ncha mbili za kamba moja: hii ikishuka, ile inapanda, na mikono yako inabeba tofauti ya uzito tu, haibebi ndoo nzima. Hapa ni vivyo hivyo. Chumba kinachoshuka husaidia kukivuta kinachopanda, vikapishana katikati. Kila chumba huchukua zaidi ya watu 60, wengi wao wamesimama wakibanana. Ndiyo maana tiketi yako ina saa yake na ukichelewa unakaa kando: haya si mabasi ya kujaa na kuondoka.

Nyaya zenyewe ni za kazi mbili. Kuna nyaya za kubeba, nene, zisizokwenda popote, ambazo magurudumu ya chumba hutembea juu yake kama reli. Na kuna waya wa kuvuta, mwembamba zaidi, ambao ndio unaokwenda. Tofauti hii iweke akilini; tutaihitaji tukifika kwenye swali la waya kukatika.

Safari ni ya vipande viwili. Unaanzia Chamonix kwenye mita 1,035, unashuka kituo cha katikati kiitwacho Plan de l'Aiguille kwenye mita 2,317, unaingia chumba kingine kinachokupandisha hadi mita 3,777. Kipande hiki cha pili hakina nguzo hata moja njiani. Waya unapita hewani kwa karibu kilomita tatu, na mwishoni chumba kinaelekea ukutani mwa jabali kana kwamba kitaligonga. Hapo ndipo kelele za abiria hunyamaza. Ukitoka unavuka daraja fupi, unaingia lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba, na lifti inamalizia mita zilizobaki. Ukiondoa foleni, safari yote ya kupanda ni kama dakika 20. Mradi huo ulifunguliwa mwaka 1955, chini ya mhandisi Mwitaliano Dino Lora Totino, na wakati huo hakukuwa na gari la kebo lililofika juu kuliko hilo duniani.

Si kila kinachopanda Alps ni cha namna hii. Kwingine kuna vibanda vidogo vingi vinavyozunguka bila kusimama kwenye waya mmoja. Titlis, nchini Uswisi, chumba cha kipande cha mwisho hujizungusha chenyewe tangu 1992 ili kila abiria aone pande zote. Na Jungfraujoch, mita 3,454, ambako wengi husema walipanda kwa kebo, huingiwa kwa treni iliyopita ndani ya mlima tangu 1912.

Waya ukikatika je?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kwenye foleni, na wenyeji wana jibu lao: waya hauwezi kukatika. Si kweli. Waya unaweza kukatika. Kilichopangwa ni nini kifuate baada ya hapo.

Waya wa chuma wa aina hii si kipande kimoja. Ni nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja, ubunifu uliotoka kwenye migodi ya Harz, Ujerumani, mwaka 1834, kwa Wilhelm Albert, aliyechoshwa na minyororo. Mnyororo hukatika pete moja ikikatika. Waya wa kusokotwa ukipoteza nyuzi chache, zilizobaki huendelea kubeba, na mafundi wenye vifaa vya sumaku huziona zilizokatika kabla ya abiria yeyote kujua. Waya wa kuvuta ukikatika kabisa, breki zilizo juu ya chumba hubana waya wa kubeba na chumba husimama palepale.

Ndivyo inavyotakiwa. Tarehe 23 Mei 2021, kwenye mlima Mottarone nchini Italia, waya wa kuvuta ulikatika chumba kikiwa kinakaribia kufika juu. Breki haikubana, kwa sababu ilikuwa imefungiwa vyuma vya kuizuia ili isiendelee kusimamisha gari ovyo na kukatiza huduma. Chumba kilirudi nyuma kwa kasi, kikaanguka. Watu 14 walikufa, akapona mtoto mmoja. Miaka 23 kabla yake, Februari 1998 huko Cavalese, pia Italia, ndege ya kijeshi ya Marekani iliyokuwa ikiruka chini mno ilikata waya na kuua watu 20. Ajali zote mbili ni za kutisha, na zote mbili chanzo chake ni mikono ya watu.

Kwa msafiri wa kawaida, linaloweza kumkuta zaidi ni kusimama njiani. Septemba 2016, kwenye vibanda vidogo vinavyovuka barafu kutoka Aiguille du Midi kwenda upande wa Italia, nyaya zilisokotana na watu zaidi ya 100 wakanasa angani. Wengi waliondolewa kwa helikopta siku ileile. 33 walilala humo hadi asubuhi. Hakuna aliyekufa, ila waliokuwa na koti walikuwa na usiku tofauti kabisa na waliokuja na fulana. Upepo ukizidi, wahudumu hufunga safari bila kubembelezwa, na hilo ni jambo la kuwashukuru hata kama umetoka Geneva alfajiri.

Hewa iko, mgandamizo haupo

Sasa mwili. Hapa ndipo penye upotoshaji mwingi, na ndipo jibu la yule mtu wa Moshi lilipo.

Husemwa kwamba juu ya mlima "oksijeni inaisha". Haiishi. Pale Aiguille du Midi, kama pale Forodhani, karibu asilimia 21 ya hewa ni oksijeni. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa iliyo chini hugandamizwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Ukipanda, uzito huo unapungua, hewa inatanuka, na pumzi moja inabeba oksijeni kidogo zaidi. Kwenye mita 3,842 mgandamizo ni kama asilimia 63 ya ule wa pwani. Kwa maneno mengine, kila pumzi imepungukiwa na zaidi ya theluthi moja. Utauona mgandamizo huo kwa macho: pakiti ya krispi uliyonunua Chamonix itavimba kama puto, na maji yakiwekwa jikoni kule juu yatachemka kwenye nyuzi 87 hivi badala ya 100.

Mwili hujibu palepale. Unapumua haraka, moyo unakwenda mbio, na ngazi kumi tu zinakufanya ushike ukuta. Kiwango cha oksijeni kwenye damu huweza kushuka chini ya asilimia 90, kiwango ambacho kwa mtu aliyeko Dar es Salaam kingemfanya nesi aite daktari. Hayo si ugonjwa bado. Ugonjwa wa mwinuko wenyewe, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu, kwa kawaida huanza baada ya saa sita au zaidi. Hatua zake za hatari, maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba, mara nyingi huja baada ya siku moja au zaidi mtu akiwa bado yuko juu.

Jibu ni hilo. Mtalii wa Aiguille du Midi hukaa juu saa mbili au tatu, kisha anashuka. Anaondoka kabla ugonjwa haujapata muda wa kuanza. Mpanda Kilimanjaro analala juu, na kesho yake anaongeza, na keshokutwa anaongeza tena. Chukua njia ya Marangu: siku ya kwanza anafika Mandara, mita 2,700, siku ya pili Horombo, mita 3,720. Baraza ya Aiguille du Midi iko juu ya Horombo kwa mita zaidi ya 100. Kwa hiyo mwenzetu wa kwenye picha kwa dakika 20 amefika mahali ambapo mpanda Kilimanjaro amefika kwa siku mbili za mguu, ila mpanda Kilimanjaro bado ana mita zaidi ya 2,000 mbele yake. "Pole pole" ya waongoza wageni wa kule si utani wa kuwafurahisha wazungu. Ni dawa, na siku zile zinazoonekana kupotea ndizo zinazoupa mwili muda wa kuizoea hewa.

Wapo wanaosema: mimi nimepanda ndege mara nyingi, tena mita 11,000, hii 3,842 itanifanya nini? Ndege ya abiria hujazwa hewa ndani ili mgandamizo wake uwe kama wa mahali palipo mita 2,400 hivi, au chini zaidi. Chumba cha kebo hakijazwi chochote. Hewa ya nje ndiyo ya ndani. Wapo pia wanaotegemea mazoezi. Mazoezi yanakusaidia kupanda ngazi, hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko. Kijana wa gym anaweza kuzidiwa huku shangazi yake akipiga picha.

Kuna kundi ambalo vipeperushi vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja au havilitaji kabisa, na kwetu ni kubwa: wenye selimundu. Oksijeni ikipungua, chembe nyekundu zao hujikunja na kuziba mishipa midogo, na hilo halisubiri saa sita. Mtu mwenye selimundu asinunue tiketi hii kabla ya kuongea na daktari wake, na akiambiwa hapana, iwe hapana. Hata wanaobeba kinasaba kimoja tu bila kuumwa, madaktari wameripoti matatizo ya wengu mwinukoni, ingawa ni nadra. Wenye ugonjwa wa moyo au mapafu na wajawazito nao waulize kwanza. Watoto wa chini ya miaka mitatu hawapandishwi Aiguille du Midi kabisa. Wahudumu watawakatalia mlangoni.

Karibu na jua, lakini baridi

Mtoto akiuliza kwa nini juu kuna baridi wakati ndiko karibu na jua, wazazi wengi hubadilisha mazungumzo. Jua liko umbali wa kilomita kama milioni 150. Kilomita tatu ulizopanda hazihesabiki. Kinachoipasha joto hewa ni ardhi iliyo chini yake, iliyochomwa na jua. Hewa ya joto ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa wastani ni nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000. Chamonix ikiwa na nyuzi 25 mchana wa Julai, juu kunaweza kuwa na saba, na upepo mkali unaweza kuifanya saba hiyo ihisiwe karibu na sifuri. Koti, kofia, glavu na suruali nzito vinahitajika hata mwezi wa saba.

Lakini miale inayochoma ngozi huzidi huko juu, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na theluji mpya huirudisha hadi asilimia 80 kutoka chini, ikakupiga chini ya kidevu na ndani ya pua. Weusi wetu unasaidia ngozi kiasi, macho hauyafuniki. Miwani ya jua si urembo pale.

Na kwa nini kuna theluji mwaka mzima kwenye mita 3,842 wakati Meru, yenye zaidi ya mita 4,500, hukaa mweusi siku nyingi? Ni suala la umbali na ikweta. Alps ziko karibu nyuzi 46 kaskazini, jua lao huja kwa mshazari, na kuanzia kama mita 3,000 theluji ya majira ya baridi huweza kuvuka kiangazi bila kuisha. Kwetu inabidi upande juu sana kuliko hapo. Theluji isiyoisha hugandamizwa na ile inayoiangukia mwaka baada ya mwaka hadi inakuwa barafu ngumu, na barafu hiyo huteremka taratibu bondeni kwa uzito wake. Mer de Glace, iliyo chini kidogo ya Aiguille du Midi, ni ya namna hiyo. Hupungua kwa kasi kiasi kwamba wageni walijengewa ngazi zaidi ya 500 za kuufuata uso wake uliozidi kuzama. Majabali yenyewe yanashikwa na barafu iliyoganda ndani ya nyufa, na barafu hiyo ikiyeyuka mwamba hulegea. Mwaka 2005 nguzo nzima ya mwamba ya mlima Drus, ng'ambo ya barafu hiyo, iliporomoka.

Unalipa zaidi ya euro 70 kwenda na kurudi, na tiketi hainunui mandhari. Wingu likikaa, utaona nyeupe tu. Kamera za kileleni huonyesha hali ilivyo moja kwa moja. Ziangalie kabla hujalipa. Asubuhi kwa kawaida ndiyo safi zaidi. Juu kuna sanduku la kioo, lililofunguliwa Desemba 2013, ambalo unasimama huku chini ya nyayo zako kuna utupu wa mita 1,000. Wanaotarajia kucheza theluji watavunjika moyo: pale ni baraza, madaraja na ngazi. Kuna lango la kutokea kwenye ukingo wa barafu, lakini ni la wapanda mlima wenye kamba, na kuchungulia nje kwa raba ni kutafuta kifo. Anayetaka kukanyaga theluji na watoto aende Titlis.

Na Kilimanjaro je?

Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilisema inatafakari gari la kebo Kilimanjaro, na mjadala ukawaka. Wapagazi, au wagumu kama wanavyoitwa Moshi, walihofia kazi zao. Wengine waliona ni nafasi kwa wazee na wenye ulemavu. Mitandaoni wengi walibishana wakidhani kwamba kebo ni kufika Uhuru kwa nusu saa. Mfano wa Alps unaonyesha kasoro ya wazo hilo. Kwenye mita 5,895 mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, na mtu aliyetoka Moshi asubuhi akashushwa hapo ghafla anaweza kuanguka kabla hajapata picha. Hata Wafaransa, wenye miaka 70 ya uzoefu wa gari hili, waliishia mita 3,842 na kuiacha Mont Blanc kwa wanaotembea.

Kwa hiyo mtu akikuambia anaunga mkono au anapinga kebo ya Kilimanjaro, muulize kwanza kituo cha juu anakiweka kwenye mita ngapi, abiria watakaa hapo kwa muda gani, na aliyezidiwa saa tisa alasiri, upepo umefunga kebo, atashushwa na nani.